Gari Ikisimama Ni Nyumba

Wenzangu wa kikundi cha Kiminini, leo aibu imenivaa kabla mimi sijavaa nguo.

Ndiyo, nimeanza hapo hapo. Salamu mtazikuta chini. Nimekalia ndoo hapa Tiwi, pwani, karatasi iko kwa goti, na huu mkono wangu wa shule ya gumbaru, ile ya watu wazima, unakimbia kuliko siku ya mtihani. Sababu ya haraka mtaijua mkifika mwisho. Anayesoma na asome kwa sauti, na Selina Nanjala akae mbele. (Selina, tafadhali, kaa mbele. Hii barua ni yako zaidi.)

Mnakumbuka vile safari ilianza. Mkwe wangu Barasa, bwana wa binti yangu Nafula, alisema atanishukuru kwa kulea mapacha wao, Mukhwana na Mulongo, ile miaka miwili Nafula alikuwa chuo cha ualimu. Shukrani yenyewe ni nione bahari. Mimi! Bahari nimeiimba kanisani tangu nikiwa msichana, na maji mengi niliyowahi kuona kwa macho ni Nzoia ikiwa imefurika. Barasa akaenda Kitale kwa Harbans, yule Singasinga mwenye gereji nyuma ya soko, akakodisha ile Kombi ya kulala. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, sinki na kabati la vikombe. Nje, pale nyuma, kuna mkono wa chuma. Ukiuzungusha paa linapanda juu, na mtu anasimama wima ndani kama yuko sebuleni. Harbans aliipiga hiyo gari kofi mgongoni kama mtu anauza ng'ombe, akaniambia, "Mama, hii si gari. Hii ni nyumba."

Hapo ndipo shida ilizaliwa.

Kwa sababu nyinyi mnajua, mimi nawakumbusha tu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawalali chini ya paa moja. Hawashikani mkono. Hawaangaliani usoni. Neno haliendi moja kwa moja, lazima lipitie kwa mtu, na mtu akikosekana lipitie kwa kitu. Nafula ameolewa miaka tisa, na kwa hiyo miaka tisa sijamwita Barasa jina lake akiwa anasikia. Sasa mtu anakuletea nyumba yenye magurudumu, utafanya nini?

Tukaketi kwa Mama Rael Nasimiyu, mwenyekiti wetu, mabirika mawili ya chai yakaisha. Perpetua akasema chochote chenye magurudumu ni gari, na kwa gari mtu anaweza kukaa hata na askofu. Rael akauliza, je, ikisimama? Nikatoa hukumu mimi mwenyewe (nani mwingine?). Ikitembea ni gari: Barasa kwa usukani, mimi huko nyuma, pazia katikati. Ikisimama ni nyumba: mmoja atoke. Mkapiga makofi. Selina peke yake hakupiga.

Na alikuwa na haki. Mwaka jana mvua ya mawe ilimkuta Selina jikoni kwake, mkwe wake akaingia mbio kujificha, wakakaa humo wawili, huyu anaangalia jiko, yule anaangalia ukuta, mpaka mawe yakaisha. Ni mimi niliyesimama kwa kikundi nikasema angetoka nje. Akaniuliza, "Kwa mvua ya mawe, Rosa?" Nikamjibu mbele ya watu, "Mawe ni ya Mungu, aibu ni yako." Tukamtoa kwa kiti cha kuongoza nyimbo. Kiti nikakalia mimi. (Sauti yangu mnaijua. Mlivumilia.)

Haya, sasa njooni pwani.

Wenzangu, dunia ni kubwa! Siku sita sisi watatu (mapacha walibaki nyumbani) tumezunguka na nyumba yetu kama kobe. Malindi tulilala karibu na maji mpaka nikadhani mtu anafagia uwanja usiku kucha, kumbe ni mawimbi. Kilifi tulipita daraja refu, chini yake maji ya kijani kama blausi ya Perpetua ile ya krismasi. Kila tunapotaka tunasimama, Nafula anawasha jiko, tunakunywa chai mahali ambapo hakuna mtu wa kutuuliza tumetoka wapi. Nimekula samaki ana macho. Nimekunywa maji ya dafu. Nimeona mnazi umelala chini kabisa kama mlevi na bado unazaa.

Na sheria tuliishika! Hiyo naomba iandikwe. Usiku paa likipandishwa, Barasa analala nje kwa hema kama mlinzi. Kila tukisimama anaruka nje kabla injini haijanyamaza. Kwa vituo vya petroli wahudumu walikuwa wanakimbia, wanafikiri gari inawaka moto. Nafula alining'iniza shuka katikati, halafu Likoni akanunua leso mpya, doti moja, akaziweka badala ya shuka. Siku sita, Barasa amenijua kama pazia.

Kwa feri ya Likoni ndio nilisumbuka kidogo. Gari imesimama, lakini feri inatembea. Sasa hiyo ni nyumba ama ni gari? Kwa kikundi hatukuiangalia hiyo. Nikashuka nikasimama na mbuzi wa watu, kwa usalama.

Basi, leo.

Asubuhi Nafula alikusanya nguo zetu akaenda kuzifua kisimani kwa Bi Mwanasha, mama mwenye shamba la minazi tulipolaza gari. Alikusanya zote, na begi langu pia akabeba, nikaona ni bidii. Barasa alikuwa ameenda kutafuta samaki. Mimi nikashuka baharini na lile gauni langu la maua la Pasaka, peke yangu, moyo unanipiga kama wa bibi arusi.

Nilionja kwanza. Ni chumvi kweli! Si chumvi ya kusimuliwa, ni ile ya ng'ombe kabisa, ya kulamba. Nikacheka peke yangu. Nikaingia. Wimbi la kwanza likanisalimia magoti. La pili likanisalimia kifua. La tatu halikusalimu. Niliinuka kitambaa cha kichwa kimekwenda Arabuni, mchanga umejaa mpaka kwa masikio, na bado nacheka. Nikarudi tena. Mara nne nimeangushwa na mara nne nimerudi, mtu wa umri wangu.

Kisha nikasikia baridi, nikarudi kwa gari. Imesimama, paa liko juu, kwa hivyo ni nyumba, na Barasa hayuko. Halali. Lakini nikakumbuka vile Harbans aliniambia, "Mama, chumvi inakula gari." Nikaona nisimharibie godoro. Nikafunga mlango, nikateremsha mapazia ya madirisha, nikavua gauni, nikalitoa kwa dirisha nikalitundika kwa tawi la mvinje huko nje likauke. Nikabaki na kamisi ya ndani.

Ndipo nikatafuta begi.

(Sasa mnaelewa ile "zote".)

Nikasema hakuna neno, Nafula atakuja. Nikaketi kitandani. Nikalala upande mmoja kidogo tu, nipumzishe mguu. Bahari ikanibembeleza. Mara ya mwisho kulala mchana hivyo nilikuwa nimejifungua Nafula.

Yaliyotokea nje niliambiwa baadaye. Gesi ya jiko ilikuwa imeisha, na Nafula alikuwa amemwambia Barasa akirudi apeleke mtungi Ukunda akabadilishe. Barasa, mtoto wa watu mwenye adabu, alipiga hodi mara tatu. Hakujibiwa. Akaona gauni langu kwa mti, akadhani nimebadilisha nguo nikaenda kisimani kwa wengine. Akazungusha ule mkono wa chuma, paa likashuka, akapanda mbele na mtungi, akaenda.

Mimi niliamka kwa sababu birika lilikuwa linacheza kabatini.

Nikatazama juu, paa limekuja karibu na uso wangu. Nikatazama dirishani kwa kijitundu, minazi inakwenda nyuma. Mbele ya pazia nikasikia mtu anapiga mluzi. Barasa! Sikujua kama anajua kupiga mluzi. Mbele yangu hata kukohoa anakohoa taratibu.

Nilikaa nikafikiria kama hakimu. Gari inatembea. Ikitembea ni gari. Pazia liko katikati. Sijavunja kitu. Shida yangu ni kamisi tu, na kamisi haionekani. Atafika Ukunda, atashuka na mtungi, nitakuwa peke yangu kwa nyumba, atarudi, itatembea, itakuwa gari, tutafika, atashuka. Nikinyamaza, hii siku itapita na hakuna atakayejua, hata yeye. Nilijipongeza. Nikajifunika shuka, nikashika birika lisipige kelele.

Ghafla gari ikapunguza mwendo. Ikasimama. Injini ikazimwa.

Wenzangu, nilikuwa nyumba moja na mkwe wangu, na niko na kamisi.

Siku sita huyo kijana anaruka nje. Leo, kwa vile anajua hakuna mtu, hakuruka. Alikaa tu hapo, mkono kwa dirisha, anapiga mluzi. Nikaanza kuomba injini iwake. Nikasikia viatu vizito kwa kokoto, halafu sauti ya polisi:

"Habari ya asubuhi. Lete reseni."

Mtu wa pwani husema leseni. Huyu alikuwa wa kwetu. Polisi wa huku angeniona na kamisi, angecheka, mambo yaishe, kwake mama mkwe ni mama tu. Lakini wa kwetu atajua ni nini anaangalia.

Akasoma leseni. Akauliza nyuma kuna nini. Barasa akajibu kwa moyo safi kabisa, "Vyombo tu, afande. Hakuna mtu."

Na ile chumvi yote niliyovuta kwa pua ikaona saa yake imefika. Nilibana pua. Nilibana mdomo. Nikapiga chafya, birika likaniponyoka likaangukia sinki.

"Vyombo vya kwenu vinapiga chafya?" polisi akauliza.

Nilimsikia Barasa anaruka nje, mlango ukagonga, nikajua ameijua hiyo chafya. Miaka tisa ameisikia kwa ukuta. Polisi akaona mtu amedanganya halafu amekimbia, sauti ikabadilika. Akamwambia asimame hapo hapo, aseme amemficha nani, au waende kituoni akaseme huko. Barasa kimya. Akaulizwa tena. Kimya.

Hapo ndipo nilishikwa na uchungu. Angesema tu, "Ni mama mkwe wangu," na yangeisha. Lakini angekuwa amekiri mbele ya mtu wa kwetu kwamba mimi na yeye tulikuwa nyumba moja. Kijana alikuwa tayari kulala korokoroni ili jina langu lisiguswe. Na mimi niko nyuma ya pazia nimejifunika shuka ya Harbans, najitunzia heshima.

Nikaokota birika.

"Wewe birika," nikasema kwa sauti, "mwambie afande amwache huyo. Mimi ni mama wa mke wake. Nilikuwa nimelala, hakujua."

Viatu vikasimama.

"Nani anaongea na birika?"

Sikujibu, kwa sababu swali halikupitia kwa birika. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu wa nyumbani.

"Mama, wewe ni mtu wa wapi?"

"Birika, mwambie ni wa Kiminini."

"Birika," akasema yule polisi, "mwambie mama mimi ni Wafula, wa Matulo."

Matulo! Hapo tu karibu na Webuye! Nilitaka ardhi inimeze, lakini sakafu ya Harbans ni ya chuma. Kwa kijitundu nilimwona Wafula amenigeuzia mgongo, kofia ameishusha mpaka kwa macho. Barasa alikuwa ng'ambo ya barabara, uso kwa mnazi, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni.

"Mama," Wafula akasema akiangalia barabara, "nisaidie nielewe. Hii kitu ni nyumba ama ni gari?"

"Ikitembea ni gari."

"Na sasa?"

"Sasa wewe ndio umeisimamisha."

Akakohoa sana. Mtu mwenye adabu akitaka kucheka hukohoa. Akamwita Barasa akamwambia apande haraka aondoke, nyumba iwe gari, maneno yaishe. Barasa akapanda. Akazungusha ufunguo. Kombi ikasema krr, krr, krr. Ikanyamaza. Akaruka nje. Wafula akamwambia jaribu tena. Akapanda. Krr. Akaruka nje. Mara tatu amepanda na mara tatu ameruka, na wamama waliokuwa wanauza viazi karai pale kando ya barabara wameacha karai zao wamekuja kuona hii dansi.

Wafula akaamua. Gari itasukumwa. Mwenye kushika usukani ni Barasa, hakuna mwingine. Kwa hivyo mama atashuka. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa mlango.

Nikaliondoa lile pazia la katikati. Vipande viwili vya leso, kimoja nikajifunga kiunoni, kingine nikajitanda mabegani. Nikashuka kinyumenyume. Sikujua, kwa vile lile pazia siku zote lilikuwa limenipa mgongo, kwamba leso za pwani zina maneno. Mama mmoja wa viazi akanisoma mgongoni, polepole, akimsomea mwenzake:

"Utaficha mengi, moja litaonekana."

Wakashikana mabega. Mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Bibi wa bara, unatoka arusini?"

Nikaenda kusukuma. Ndiyo, mimi! Mnanijua. Kusimama bure na leso mbele ya watu ni vibaya kuliko kufanya kazi na leso mbele ya watu. Wafula upande huu, mimi upande ule, wamama katikati. Kombi ikaanza kwenda. Barabara pale inateremka kidogo, ikaanza kwenda vizuri.

Sasa Barasa, dereva mzuri, akatazama kwa kioo cha pembeni aone kama nyuma ni salama. Kwa kioo akaona mama mkwe wake, kichwa wazi, leso mbili, anasukuma.

Akafanya kile ambacho mwanamume aliyelelewa vizuri anapaswa kufanya. Alifunga macho. Yote mawili.

Gari ikatoka barabarani taratibu, ikaelekea kwa rundo la madafu, na nyuma ya rundo kuna mama ameinama anahesabu madafu yake, hajui lolote. Wafula anapiga filimbi. Wamama wameachilia. Na mimi nauona ule uso kwa kioo, macho yamebanwa kama ya mtu anayesali, kwa ajili yangu mimi.

"Barasa! Fungua macho!"

Miaka tisa. Ilitoka yote kwa mara moja, jina lake, moja kwa moja, bila mtu katikati, bila birika. Sauti ile ile ya kuongoza nyimbo. Nadhani Likoni walisikia.

Akafungua. Akakata usukani, injini ikashika, gari ikasimama dafu moja tu limebingirika. Yule mama akainua kichwa akauliza tunanunua mangapi. Na kwa dirisha la mbele, bila kugeuka, Barasa akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo, mama."

Hakuna radi iliyopiga, wenzangu. Nilingoja. Jua liliendelea tu kuwaka.

Lakini subirini, kuumbuka kwenyewe ni huku. Wafula alikuja mpaka karibu, anaangalia miguu yake, akasema watu wa nyumbani wakikutana hawaachani bila jina. Nikamwambia Rosa Nabwile.

Akatoa kofia.

"Rosa Nabwile wa Kiminini? Yule wa mawe ni ya Mungu?"

Nilishika leso isianguke. Akaniambia pole pole, bila ubaya wowote, kwamba Selina Nanjala ni mama yake mdogo, ndiye alimlea mpaka akaingia polisi, na mwaka jana alimwandikia barua kurasa nne. Anazijua zote. Akaniuliza afya ya mama Selina. Nikasema ni mzima. Akaniuliza kama bado anaongoza nyimbo. Nikaangalia dafu.

"Mwisho wa mwezi naenda likizo," akasema. "Nitapita Kiminini. Salamu zako nitafikisha, mama."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Tulienda Ukunda tukabadilisha mtungi, kwa sababu aibu au hakuna aibu, chai ni chai. Kurudi, nilikuwa nimekaa huko nyuma kabisa, nimetazama dirisha la nyuma, kwa vile pazia nilikuwa nimelivaa. Tulipokaribia minazi ya Bi Mwanasha nikamsikia anaongea mbele.

"Wewe usukani, mwambie mama asante. Ningelala korokoroni leo."

Nikafikiria. Nikashika birika.

"Birika, mwambie na yeye asante. Alitaka kulala huko kwa ajili yangu."

Usukani ukakohoa.

Nafula alikuwa amesimama kwa tawi ameshika gauni langu, anaita bahari inirudishe. Alipoona mama yake anatoka kwa gari ambayo bwana yake ameendesha, ana leso za pazia, alikaa chini mchangani akacheka mpaka Bi Mwanasha akamletea maji. Damu yangu mwenyewe.

Kwa hivyo ndiyo hii barua. Barasa ataitia posta kesho asubuhi. Kati ya stempu na Wafula, sijui nani atafika kwanza, lakini nimeona afadhali mnisikie mimi kabla hamjamsikia yeye, kwa sababu polisi huandika kila kitu. Ile sheria yangu naomba Mama Rael aiite tena kwa kikao. Niliacha tundu. Sikuuliza, je, ikisimama na ikatae kuwaka?

Salamu nilizoahidi: Mama Rael Nasimiyu na goti lake, Perpetua na blausi yake, Mama Josephine Naliaka, Mama Tabitha na yule ng'ombe aliyekuwa anakohoa, Esta wa posho mill, na Esta mwingine. Nawaletea kila mtu chupa ndogo ya bahari. Onjeni wenyewe.

Nyinyi wote nawaomba msicheke. Selina, kiti cha nyimbo ni chako kuanzia hapa barua ikisomwa, inuka ukikalie. Na wewe peke yako cheka, mama, cheka mpaka uchoke. Lakini kama huko kunanyesha mawe, chekea ndani.